Mjalidi na Kitabu cha Kifua Chake

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa kiwandani mliokuja mmevaa aproni zenu za kazi kwa heshima yake, asanteni kwa kufika. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho, yule fundi rangi. Shemeji aliniomba niandike maisha ya marehemu mkewe kwa sababu, alisema, mimi ndiye niliyegombana naye kuliko wote, kwa hiyo lazima ninamjua. Nimejitahidi kuandika kama yeye alivyotaka mambo yaandikwe, kwa tarehe na kwa ukweli, hata pale ukweli unaponiumbua mimi mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili kati ya watoto sita. Baba alikuwa karani wa mizigo na mama alikuwa mshona nguo. Akiwa na miezi minane alipata mafua yaliyopita mtaa mzima. Watoto wengine walipona ndani ya wiki. Yake yalishuka kifuani, akalazwa siku kumi na moja, na mama alikuwa akisimulia kwamba alitoka hospitali na mluzi kifuani ambao hakwenda nao. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alimweleza Dada kwamba watoto wengi huugua hivyo na kupona kabisa, na kwamba wataalamu bado wanabishana kama mafua ya utotoni ndiyo yanayoanzisha pumu au yanafichua tu kifua kilichozaliwa na udhaifu wake. Nyumbani kwetu hakukuwa na ubishi. Baba alikata shauri mapema: "Katika ukoo huu hakuna pumu. Mtoto huyu ana kifua chepesi." Na kifua chepesi ndilo jina tulilolitumia kwa miaka mingi, wageni wakiuliza, walimu wakiuliza, na hata madaktari wakiuliza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965. Kila mwaka ilipofika miezi ya baridi alikosa shule wiki mbili au tatu, na rejista ikamwita mtoro. Alipokuwa darasa la nne alipewa kitabu cha kusoma kisicho na jalada, kurasa zinadondoka kama majani. Akiwa kitandani, amekaa wima kwa sababu kulala chali kulimbana, alipikiwa gundi ya unga, akakishona kwa uzi wa mama na kukivisha karatasi ngumu ya mfuko wa sukari. Mwalimu wa darasa alipokiona alimpelekea vingine sita. Kufikia darasa la sita, vitabu vibovu vya shule nzima vilikuwa vikija nyumbani kwa zamu, na mwalimu huyo, Mungu ambariki popote alipo, alifuta neno "mtoro" kwenye rejista akaandika "yuko kazini." Alimaliza darasa la saba mwaka 1971 na kidato cha nne mwaka 1975, akiwa na cheti kizuri kuliko vyetu sote watano. Hakutuacha tusahau hilo.

Tarehe 1 Agosti 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapishaji, kitengo cha kujalidi, yaani kushona kurasa na kuzitia jalada. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza nane, masufuria ya gundi, na mashine ya kukatia karatasi iliyokuwa ikimwaga vumbi jeupe mchana kutwa. Wiki ya kwanza alikohoa hadi msimamizi akamshauri akatafute kazi ya ofisini. Alichofanya ni kupiga marufuku ufagio. Alikuja na ndoo yake, akadai kila meza na kila sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, asubuhi na saa nane. Alikuwa mwajiriwa wa siku sita. Walimcheka, wakampa jina la Mama Kitambaa, na wakapangusa. Mwaka 1989 akawa mkuu wa kitengo, na hakuna aliyegusa ufagio mle ndani hadi alipostaafu.

Mwendesha mashine ile ya kukatia karatasi alikuwa kijana mrefu, mpole, mvuta sigara. Alimposa mwaka 1980. Dada alimjibu kwamba ndani ya chumba kimoja hawawezi kukaa wapumuaji wawili na sigara, achague. Shemeji alichagua, ila mdomo ulikuwa umezoea kushika kitu, kwa hiyo akawa anatafuna penseli. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, na katika picha ya harusi ukiangalia vizuri utaona penseli imechomoza kwenye mfuko wa koti la bwana harusi. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nifike kwenye kitabu, maana wengi wenu mmekisikia na wachache mmekiona.

Dada alibanwa na kifua kila mwaka, na kila safari tulikuwa na jina jipya. Mara ni nimonia, mara ni baridi ya alfajiri, mara amekunywa maji ya barafu. Kila zahanati ilimpa kadi yake: nyingine ndefu, nyingine za mraba, nyingine daftari la shule lililokatwa katikati. Alizitunza kwenye boksi la viatu. Mei 1994, baada ya kulazwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, aliandikiwa barua ya kwenda kumwona daktari wa kifua katika hospitali kubwa. Akaona aibu kwenda na boksi la viatu. Alichukua kadi zote arobaini na tatu, akazitoboa, akazishona kwa uzi uliopakwa nta, akazivisha jalada la kitambaa cheusi, na mgongoni akapiga neno KIFUA kwa herufi za dhahabu.

Karani wa mapokezi alikigeuza huku na huku. "Mama, hapa tunapokea kadi. Hatupokei vitabu."

"Hizo ni kadi, mwanangu. Zimejipanga tu."

Daktari alikifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza. Kumbe Dada alikuwa amezipanga kadi kwa ukubwa, kubwa chini na ndogo juu, kama mjalidi yeyote anavyofanya ili kingo zikae sawa. Mwaka 1991 ulifuatwa na 1979, kisha 1986, kisha 1978. "Mama," daktari akasema, "sijawahi kushika faili zuri namna hii, wala lisilosomeka namna hii. Kalipange kwa tarehe, uje wiki ijayo."

Mkuu wa kitengo cha kujalidi kuambiwa kitabu chake kimepangwa vibaya! Shemeji anasema hakusemeshwa hadi Jumapili. Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, Dada alikaa mezani kwake kiwandani akafumua uzi wote. Ili kuzipanga kwa tarehe ilimbidi azisome, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu mgonjwa hupewa kadi na kuambiwa aitunze, haambiwi aisome. Akamwita Shemeji kutoka kwenye mashine. "Njoo unisomee mstari wa kwanza wa kila moja, mimi nipange."

Shemeji akaanza kusoma. "Mafua siku tatu. Mafua tangu Jumamosi. Mafua na homa kidogo. Moshi wa takataka. Mafua siku mbili. Mafua, watoto nyumbani wanaumwa pia." Alipofika ya kumi alimtazama mkewe, na Dada akamwambia asome tu, asichoke.

Ukitoa kadi za marudio, alibanwa mara ishirini na tisa katika miaka kumi na saba. Mara ishirini na mbili yalitangulia mafua, siku mbili au tatu kabla ya kifua kufunga. Mara tano ni moshi au vumbi. Mara mbili hakuna aliyejua. Na mara kumi na tisa alipewa vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua bakteria, ambavyo mafua hayavisikii hata kidogo kwa kuwa mafua hayatokani na bakteria.

Wiki iliyofuata daktari alikisoma kitabu chote, toka mwanzo hadi mwisho, kisha akamweleza kwa maneno ambayo Dada aliyarudia maisha yake yote, tena kwa kumuigiza sauti. Alisema mirija ya hewa kifuani mwake imevimba kwa ndani kila siku, hata siku anayocheka, hata siku anayoimba. Ni kama chumba kilichojaa watu hadi mlangoni. Watu wenye afya wakipata mafua, chumba kina nafasi, wageni wanaingia na kutoka, mtu anapiga chafya wiki moja yamekwisha. Kwake mafua yanakuta hakuna pa kupita. Uvimbe unaongezeka, ute unajaa, misuli ya mirija inakaza, pumzi inakwama. "Pampu ya bluu unayopenda kuivuta ukibanwa inasukuma mlango ufunguke," daktari alisema. "Haimtoi hata mtu mmoja. Hii ya kahawia ndiyo inayopunguza watu, polepole, kila siku, ili mafua yakija yakute nafasi."

"Kwa hiyo ni pumu," Dada akasema.

"Ni pumu, mama. Imekuwa pumu siku zote."

Alikipeleka kitabu moja kwa moja nyumbani kwa Baba, ambaye alikuwa ameshastaafu reli. Nilikuwepo. Alikiweka mezani mbele yake. "Baba, ni pumu. Imeandikwa humu mara ishirini na tisa bila kutajwa jina." Baba alipitisha kidole kwenye mgongo wa kitabu, akasema, "Herufi zimekaa vizuri." Kwa waliomjua Baba, hiyo ilikuwa ni kukubali.

Kuanzia siku hiyo hadi mwaka huu Dada alivuta pampu ya kahawia asubuhi na jioni na kusukutua mdomo baadaye, akiwa mgonjwa au mzima, miaka thelathini. Katika miaka hiyo alilazwa mara mbili tu. Mtu akimwambia pampu inauzoesha mwili, alimuuliza mbona yeye hajavua miwani, kwani haizoeshi macho. Kiwandani mwenye mafua alihamishiwa meza ya mwisho karibu na dirisha, au alirudishwa nyumbani kwa barua ya Dada mwenyewe. Na kwa kuwa aliona watoto wengi wakipuliziwa dawa ikaishia kwenye ulimi, alijifunza kwa muuguzi kutengeneza kifaa cha kuvutia kwa chupa ya maji ya nusu lita: unatoboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, unaichomeka, mtoto anavuta taratibu kupitia mdomo wa chupa. Wengine hufunga ile nafasi kwa utepe wa plasta. Dada aliziba kwa kitambaa cha jalada na gundi, kingo zimekunjwa. Zipo nyumba nyingi mtaani kwetu zenye chupa iliyojalidiwa. Alistaafu tarehe 28 Machi 2013, na kazi hii hakuistaafu.

Ugomvi wetu ulianza na binti yangu. Alizaliwa mwaka 2012, nikampa jina la shangazi yake, wakawa wanaitana Somo. Alipofikisha miaka minne alilazwa, na daktari akaniambia ni pumu. Mimi, niliyekuwepo siku Baba aliposalimu amri, nilitoka wodini nikawaambia watu wote kwamba mtoto ana kifua chepesi. Sina cha kujitetea. Niliona neno lile litamfuata mtoto wa kike hadi ukubwani, ataachwa kwenye michezo, ataachwa na wachumba. Mwaka 2019 alikaa miezi minne bila kukohoa, nikaisimamisha pampu ya kahawia. Mwezi wa tano mafua yakaingia nyumbani, mimi nikapata, mama yake akapata, naye akapata. Siku ya tatu asubuhi mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza jina langu. Nilimpigia simu Dada. Alifika kabla ya gari nililoliita, ameshika chupa. Alimkalisha vizuri, akampa ya bluu, pumzi moja moja, akihesabu kwa sauti ndogo, na njia nzima ya kwenda hospitali hakuacha kuhesabu. Mtoto alipotulia wodini ndipo alipogeuka kwangu.

"Haya, nieleze."

"Ni mafua, Dada. Yametupitia sote."

"Mafua hata mimi nayaona. Ya kahawia iko wapi?"

"Niliisimamisha. Mtoto alikuwa mzima."

"Alikuwa kimya. Nani kakwambia alikuwa mzima?"

Tangu siku hiyo dawa ya mtoto haikusimama tena, Dada alihakikisha kwa simu ya kila asubuhi. Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo sikulitimiza. Kwenye fomu ya shule, mahali palipoulizwa ugonjwa wa kudumu, niliandika "hana." Kwa hiyo mwalimu hakujua, na binti yangu alikuwa akificha pampu ndani ya soksi za michezo na kwenda kuivutia chooni. Dada alipogundua hakupiga kelele. Aliniambia siku mtoto atakapobanwa uwanjani, watu wazima arobaini watasimama kumzunguka wasijue wafanye nini, kwa sababu baba yake aliona haya. Akanitaka nikaandike. Nikasema nitaandika. Alinikumbusha mwaka mzima, kisha mwaka wa pili, na wa tatu, na mimi kila mara nilikuwa nakwenda wiki ijayo.

Jumapili, tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2024, Dada alianza mafua. Alifanya kila alichotufundisha. Jumatano, tarehe 3 Julai, alipoona ya bluu haishikilii hata kwa muda wa saa nne, alijipeleka hospitali mwenyewe, kitabu mkononi. Safari hii picha ya kifua ilionyesha nimonia ya kweli juu ya pumu, kwa hiyo hata dawa za bakteria zilihitajika, na alizipata, pamoja na oksijeni na vidonge vya kupunguza uvimbe. Wodini tulianza kuulizana nani kamwambukiza. Alitukataza. "Mafua hayana mwenyewe," alisema. "Msimsumbue mtu." Jumanne alikuwa akiongea neno moja moja. Nilikaa kando ya kitanda, akanishika mkono, akasogeza barakoa ya oksijeni pembeni.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Dada."

Aliitikia kwa kichwa, akairudisha barakoa. Aliridhika.

Nilikuwa sijaandika.

Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Julai 2024, saa nne asubuhi, Shemeji akiwa amemshika mkono wa kushoto na binti yake mkubwa wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Nimesikia minong'ono msibani tangu juzi kwamba pampu ndiyo iliyommaliza, kwamba mwili ulizoea. Naomba iishie hapa kaburini. Pampu ilimpa miaka thelathini ya kazi, ya kulea, na ya kutugombeza. Kilichomchukua ni maambukizi makali katika kifua kilichokuwa na uvimbe tangu utotoni, na daktari amesema wazi kwamba bila dawa ile tungekusanyika hapa zamani. Mwenye mtoto anayekohoa kila akipata mafua, ampeleke apimwe. Mwenye pampu nyumbani asiisimamishe leo kwa sababu ya msiba huu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kuagiza jeneza, nilikwenda shuleni. Nilimwomba mwalimu mkuu fomu ya binti yangu, nikakata neno "hana," nikaandika "pumu," na chini yake majina ya dawa na namba yangu ya simu. Akaniuliza imeanza lini. Nikamwambia tangu akiwa na miaka minne. Akahesabu kwa vidole, akanitazama, akaita walimu wawili wa michezo nikawaonyesha pampu inavyoshikwa. Niliingia saa tatu, nikatoka saa tatu na nusu. Miaka yote ile nilikuwa nakwepa kazi ya nusu saa.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na wadogo wanne. Ameacha pia somo wake, binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la saba, aliyekaa pale mbele karibu na mama yake. Ana pumu. Nimelisema mbele yenu nyote, na limechapwa kwenye karatasi mlizoshika.

Dada, siku ile nilikudanganya. Sasa nimeandika. Lala kwa amani, na kifua chako kisikuamshe tena.